Bei na Thamani ya Mchezo

Hapana swali jepesi kusikia na zito kujibu kama la mtu aulizaye kama kitu kilichopunguzwa bei chafaa kununuliwa. Masikioni ni swali la soko, na aliyezoea soko hulijibu kabla halijakwisha kuulizwa: kinunue, maana kesho hakitakuwa na bei hiyo. Lakini kitu chenyewe kikiwa si kanga wala mbuzi, bali mchezo wa video wenye ngano ya mazimwi na wachawi, ambao humtaka mchezaji avae nafsi ya mtu mwingine kwa muda wa saa mia moja, jawabu la soko halitoshi. Swali limekwisha toka sokoni likaingia katika maadili, kwa sababu lahusu namna mtu atakavyotumia sehemu ya umri wake.

Mfano mmoja utafaa kuliko maneno ya jumla. Mwaka wa 2015 kampuni ya CD Projekt ya mjini Warsaw, katika nchi ya Poland, ilitoa mchezo uitwao The Witcher 3: Wild Hunt. Asili yake ni hadithi za Andrzej Sapkowski, mwandishi wa Kipolandi, ambaye hadithi yake ya kwanza juu ya Geralt, mwindaji wa mazimwi, ilichapwa katika jarida la Fantastyka mwaka wa 1986. Mchezo ulipotoka, mnunuzi wa Marekani aliulipia dola 60 hivi. Baadaye bei yake ya kawaida katika duka la Steam ilishuka mpaka dola 40, na katika majira ya punguzo imeshuka mara nyingi chini ya dola 10. Mwezi wa Mei 2023 kampuni ilitangaza kwamba nakala zaidi ya milioni 50 zimekwisha uzwa. Basi mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi, mwenye kompyuta ya kufaa, huona katika kioo chake kwamba asilimia 80 ya bei imekatwa, na pembeni ameandikiwa siku ambayo neema hiyo itakoma. Hapo ndipo swali lizaliwapo.

Methali husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwenye kuishika methali hii kwa nguvu atashuku punguzo lolote: kama mchezo ni mzuri, mbona wajitembeza kwa bei ya kutupa? Shaka hiyo ina haki yake mbele ya samaki. Samaki wa soko la Feri ashukapo bei alasiri, bei hushuka pamoja na ubora. Jua limekwisha mfanyia kazi yake, na mnunuzi wa jioni hanunui kitu kile alichonunua mnunuzi wa alfajiri. Mchezo wa kompyuta hauozi. Kilichouzwa kwa dola 60 mwaka wa 2015 na kinachouzwa kwa dola 8 ni kitu kimoja. Tena, kwa kuwa makosa yake mengi yamesahihishwa, na sura yake ilitengenezwa upya mwezi wa Desemba 2022 bila malipo ya ziada kwa wenye nakala, aliyechelewa hupata kilicho bora kuliko alichopata aliyewahi.

Sababu ya kushuka ni nyingine. Gharama kubwa ya mchezo hulipwa kabla haujauzwa, katika ujira wa waandishi, wachoraji, wanamuziki na waandishi wa programu kwa miaka kadhaa. Baada ya hapo nakala moja zaidi haimgharimu muuzaji ila kidogo sana. Kwa hiyo huanza na wale wasioweza kusubiri, akawatoza bei ya haraka yao. Wakiisha hao, huteremka kwa wanaoweza kusubiri mwaka, kisha kwa wale ambao kwao hata dola 20 ni nyingi. Bei ya namna hii haipimi kitu kinachouzwa, hupima subira ya anunuaye. Punguzo basi si ushahidi wa ubaya wa mchezo, na jambo lisahauliwalo zaidi ni kwamba si ushahidi wa uzuri wake pia.

Kwamba bei ni shahidi dhaifu, hata mwenye hadithi aliligundua. Alipouza haki ya kutengeneza michezo kutokana na vitabu vyake, Sapkowski alichagua kupokea fedha kwa mkupuo mmoja badala ya sehemu ya faida, kwa sababu hakuamini kwamba mchezo ungefaulu. Mwenyewe amelieleza jambo hilo hadharani. Mwaka wa 2018 mawakili wake walidai nyongeza isiyopungua zloti milioni 60, na mwezi wa Desemba 2019 pande mbili zilifanya mapatano mapya. Mtu asimcheke upesi. Alikuwa fundi wa maneno aliyeulizwa thamani ya kitu asichokijua, akakadiria kwa desturi ya kazi yake. Mwanafunzi aliye mbele ya punguzo yumo katika hali ile ile, ila hukosea kwa upande wa pili. Mzee yule alikidharau kitu kwa sababu hakukijua. Kijana hukitukuza kwa sababu amekiona kimekuwa rahisi.

Tena urahisi wenyewe wataka kuchunguzwa. Dola 8 hukaribia shilingi 20,000 za Tanzania, fedha ya chakula cha siku kadhaa kwa mwanafunzi anayejilisha. Mchezo huu huhitaji nafasi ya gigabaiti 50 katika kompyuta, na mwenye kuuteremsha kwa kifurushi cha intaneti cha simu yamkini atalipa kwa njia zaidi ya alichokilipia chombo. Kompyuta iliyonunuliwa kwa ajili ya kuandika tasnifu haiuwezi. Hutaka kadi ya picha yenye nguvu, na hiyo haina punguzo. Halafu apatacho mnunuzi, kwa maneno ya mkataba ambao watu wachache huusoma, si mali bali ni ruhusa ya kutumia. Sheria ya jimbo la California iliyotiwa sahihi mwaka wa 2024 imewalazimisha wauzaji wa vitu vya namna hii kulisema wazi neno hilo kwa wanunuzi wa huko. Duka la GOG, lililoanzishwa mwaka wa 2008 na wenye CD Projekt wenyewe, huuza mchezo huu bila kufuli, na mnunuzi aweza kuweka nakala yake mahali apendapo. Kwa mtu wa mtandao wa kusuasua tofauti hiyo si ndogo.

Hayo yote ni hesabu, na hesabu mtu aweza kuifanya kwa kalamu. Kuna gharama moja ambayo kalamu huiandika bila kuihisi. Kisa kikuu cha mchezo huu peke yake humchukua mchezaji saa 50 hivi, na mwenye kupenda kuingia katika vichochoro vyake atapita saa mia moja bila kujua. Saa mia moja ni majuma mawili na nusu ya kazi ya ofisini. Kwa saa hizo mtu aweza kusoma tenzi kadhaa kwa utulivu, aweza kujifunza misingi ya lugha ya kigeni, aweza kumtembelea mamaye. Muuzaji amekata asilimia 80 ya fedha. Ya saa hakukata hata dakika moja. Na kwa kadiri fedha inavyopungua, ndivyo sehemu ya saa katika gharama yote inavyozidi kuwa kubwa, hata mchezo wa bure kabisa ukawa ni wa saa tupu.

Mfano wa zawadi waweza kulionyesha hili. Mwaka wa 2011 Waziri Mkuu wa Poland, Donald Tusk, alimpa Rais Barack Obama, aliyekuwa mgeni wake, mchezo wa pili katika mfululizo huu. Miaka mitatu baadaye, aliporudi Warsaw, Obama aliitaja zawadi ile kwa heshima, akaungama kwamba yeye si hodari wa michezo ya video. Alikuwa nao kwa bei ambayo hapana duka liwezalo kuishinda. Lakini rais wa dola kubwa hana saa mia moja, na kitu asichokuwa na saa zake ni kama hanacho. Watu wengi wasio marais hufanya hivyo hivyo kwa hiari yao: kila majira hununua michezo mitano kwa sababu ni rahisi, wakaiweka kwa hesabu ya siku zijazo, na siku zijazo zikaja na punguzo jingine. Mtu wa namna hii hanunui mchezo. Hununua furaha ya kuokoa fedha, nayo humwisha papo hapo.

Sasa lazima kijibiwe kile ambacho msomi wa tabia ya ukali amekuwa akikingojea kukisema tangu mwanzo: kwamba mtu mzima hana haja ya mazimwi, na saa zitumiwazo katika nchi isiyokuwapo zimepotea, ziwe mia au moja. Neno hili ni la ajabu likitoka kwa msomaji wa Kiswahili. Shaaban Robert, ambaye hapana amshukuye kwa upuuzi, alichapisha Kusadikika mwaka wa 1951 juu ya nchi inayoelea hewani, na mwaka uliofuata Adili na Nduguze, kitabu ambamo mtu mwema hulazimika kuwapiga kila usiku ndugu zake waliogeuzwa manyani. Hapana msomaji aliyekifunga kitabu hicho akidhani amefundishwa elimu ya manyani. Alifundishwa kitu juu ya kijicho cha ndugu, na juu ya huruma ambayo mkono hulazimishwa kuikana, na hakuweza kufundishwa vizuri vile kwa kisa cha mtaani. Uongo wa ngano una kazi. Kilicho haki kuulizwa ni kama uongo wa mchezo huu unaifanya kazi yake.

Geralt ni mtu wa ujira. Hutembea katika nchi ya Velen, iliyotafunwa na vita, akimtafuta Ciri, binti aliyemlea, na njiani huua mazimwi kwa malipo. Wanakijiji humwita, humweleza kilichowakuta, kisha hutaja walichonacho. Hapo mchezaji hupewa nafasi ya kupatana bei. Aweza kudai zaidi, na akizidi mno yule wa upande wa pili huudhika; aweza pia kuyakubali yaliyotolewa, na mara nyingine kuyakataa kabisa. Ni jambo dogo, lakini mnunuzi aliyeingia akijisifu kwa kupata kitu kwa moja ya tano ya bei yake hujikuta amesimama mbele ya mkulima aliyefiwa, akipima ni sarafu ngapi za ziada ziwezazo kukamuliwa kwake. Mchezo haumkemei. Humwacha tu na mfuko wake.

Kubwa kuliko hilo ni kisa cha mkuu wa ngome aitwaye Baroni. Mara ya kwanza huonekana mtu mchangamfu, mwenye mzaha, aliyempokea Ciri kwa wema alipokuwa mashakani. Mkewe na binti yake wametoweka, naye ataka watafutwe. Kidogo kidogo hubainika kwamba wamemkimbia. Ni mlevi, alimpiga mkewe, na mimba ya mke huyo iliharibika. Kitoto kikazikwa bila jina na bila heshima, kikageuka zimwi. Mchezaji aweza kukiua kwa upanga, kazi ya dakika moja. Au aweza kumlazimisha baba akibebe mikononi usiku, kitu kile cha kutisha, mpaka kwenye kizingiti cha nyumba yake, akipe jina na kukizika upya kama mtoto wake. Yule aliyekwisha mpenda Baroni kwa mzaha wake hujiona amenaswa, maana hawezi tena kumpenda kwa moyo mmoja, wala kumchukia kwa moyo mmoja hawezi.

Kisha, mahali pengine kabisa, mchezaji hukutana na pepo aliyefungwa chini ya mizizi ya mti mkubwa. Kuna yatima katika kinamasi, na kuna wachawi watatu wakongwe waliokusudia kuwala. Pepo huahidi kuwaokoa watoto akifunguliwa. Akifunguliwa, watoto huokoka, lakini kijiji huangamizwa. Na mke wa Baroni, aliyekuwa amejifunga kwa wachawi wale, hulipizwa wao hata akafa, naye mumewe hujinyonga. Akiuawa pepo, watoto hupotea, mama yule hurukwa na akili, na Baroni humchukua safari ya mbali kumtafutia mganga. Hapana njia safi. Aliyezoea michezo ambayo wema hulipwa alama na uovu hukatwa alama hutafuta mlango wa tatu, asiuone.

Hapa yaja hoja nzito kuliko ile ya mazimwi. Aristotle alifundisha kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda matendo ya uadilifu, kama vile mjenzi huwa mjenzi kwa kujenga. Lakini tendo la mchezo laweza kufutwa. Mchezaji huhifadhi mahali alipofika, hujaribu, na akichukizwa na yaliyotokea hurudi nyuma, akatenda kinyume. Chaguo liwezalo kufutwa si chaguo, ni kuonja. Kama ndivyo, mafunzo yote ya Velen ni ya mtu anayejifunza kuogelea juu ya mkeka.

Hoja hii ingetosha kuumaliza mchezo, lau watengenezaji wasingaliijua. Waliijua, na dawa waliyoitumia ni kuchelewesha matokeo. Aliyemfungua pepo haoni siku ile ile msiba wa Baroni. Huenda zake, hupigana na mengine, huuza ngozi, hununua upanga, na baada ya saa nyingi ndipo hurudi kwenye ngome na kukuta kilichoning'inia mtini. Kurudi nyuma awezako ni kule kwa kutupa saa zote zilizo katikati. Watu wengi hawawezi. Hukaa na walichokitenda, na wengine hukikumbuka miaka kadhaa baada ya kusahau namna ya kushika upanga.

Basi zile saa mia moja zilizohesabiwa kuwa gharama ndizo zinazolipa chaguo uzito wake. Mchezo huu ungefupishwa mpaka saa tano, ungekuwa rahisi kwelikweli, na ungekuwa hauna kitu: kila kosa lingefutwa kwa kidole. Anayetamani punguzo katika saa, kama alivyolipata katika fedha, hutamani kukatiwa kile alichokuja kununua. Adam Smith, mwaka wa 1776, alistaajabu kwamba maji yenye manufaa makubwa hayana bei, na almasi isiyo na manufaa ina bei kubwa. Angaliona duka hili, labda angalistaajabu mara ya pili kwa kitu ambacho manufaa yake na gharama yake halisi ni jambo moja.

Si saa zake zote zenye heshima hiyo. Ramani imejazwa alama za kuuliza, nyingi zikiwa masanduku ya magendo yaliyotoswa katika bahari ya visiwa vya Skellige, na mwenye kuyafuata yote hufanya kazi ya karani wa bandari bila mshahara. Mapigano, mtu akisha yazoea, hurudiarudia. Kuna mchezo wa karata ndani ya mchezo, uitwao Gwent, ambao umewanasa watu wakamsahau Ciri. Wala si kitu cha kumwachia mtoto aliyekuja kutazama begani. Ulaya umewekewa alama ya miaka 18, na kwa sababu za kutosha. Mnunuzi aliye mwangalifu huyaacha masanduku baharini.

Kwa hiyo kwa mtu aliye na saa, aliye tayari kuzitoa kwa kitu kimoja mpaka mwisho wake, mchezo huu wastahili kununuliwa kwa bei ya punguzo, na ulistahili kwa bei kamili pia. Kwa mtu asiye nazo haustahili hata akipewa. Aliye katikati, naye ndiye mwanafunzi aliyeachwa mbele ya kioo chake, ana faida moja ambayo tangazo halimtajii. Tarehe ile iliyoandikwa pembeni ni ya muuzaji. Punguzo likiondoka Juni, wakati wa mitihani, aghalabu hurudi Desemba, pengine kubwa zaidi. Baroni atakuwa bado ngomeni na pepo bado chini ya mti wake. Aweza kuifunga kompyuta na kurudi kwenye daftari, na siku likizo itakapoanza akaangalie kwanza kalenda yake, ndipo aangalie bei.